Kichwa cha ukurasa: maneno ya nani?

Kichwa cha ukurasa ni yale maneno machache yanayotokea kwenye matokeo ya Google na juu ya kichupo (tab) cha kivinjari. Waandishi wa intaneti wamegawanyika juu yake. Kuna wanaosema weka maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta, basi. Wengine wanasema mwandikie binadamu, mashine itafuata.

Wa kwanza nadhani wanaonewa. Mama anayekesha na mtoto anayekohoa haandiki "Safari ya mapafu madogo". Anaandika "kikohozi kikavu kwa mtoto", na kichwa chenye maneno hayo kinamjibu kwa lugha yake mwenyewe. Makosa huanza maneno yanaporundikwa: "Kikohozi, dawa ya kikohozi, tiba ya kikohozi". Hapo hasemeshwi mtu yeyote, na Google yenyewe huuhesabu mrundikano wa aina hiyo kuwa hila. "Kikohozi kikavu kwa mtoto: lini umpeleke hospitali" kina neno lile lile, lakini pia kina ahadi.

Wa pili huikumbusha dunia kwamba mwandishi hana kauli ya mwisho. Agosti 2021 Google ilibadili mfumo wake wa kuonyesha vichwa, na wengi walilalamika kukuta vyao vimeandikwa upya. Ni kweli. Lakini mwezi uliofuata Google ilieleza kuwa vichwa vya wenye kurasa vilikuwa vikitumika kwa takriban asilimia 87 ya wakati. Kwa hiyo mara nyingi utakachoandika ndicho kitakachosomwa, na kisingizio cha kuzembea hakipo.

Kuhusu urefu, herufi 60 zinazotajwa mara nyingi kuwa kikomo si sheria. Kichwa hukatwa kulingana na upana wa skrini. Kinachoniuma zaidi ni mazoea yetu ya kuanza na "Fahamu mambo muhimu unayopaswa kuyajua kuhusu...". Herufi 40 zimekwisha na jambo lenyewe bado halijatajwa! Kwenye simu huenda lisionekane kabisa.

Na kuna msomaji ambaye pande zote mbili humsahau: asiyeona. Programu ya kumsomea skrini humtamkia kichwa kabla ya kitu kingine chochote kwenye ukurasa. Tovuti inapoanza kila kichwa kwa jina lake refu, mtu huyo akiwa na kurasa kumi wazi atalisikia jina hilo mara kumi kabla ya kujua yupo wapi. Jina likae mwishoni.