PIN1: tuizime au tuilinde?

Watafiti wa saratani wanatamani kuizima Pin1, kimeng'enya kinachogeuza umbo la protini nyingine. Wenzao wa ugonjwa wa Alzheimer wanataka iendelee kuchapa kazi, ikibidi kwa nguvu zaidi. Kimeng'enya ni hichohicho, na kila upande una ushahidi usiobezeka.

Jeni ya PIN1 iko kwenye kromosomu ya 19, na protini inayotokana nayo ni fupi, asidi amino 163 tu. Penye prolini, mojawapo ya asidi amino, mnyororo wa protini unaweza kukaa mkao mmoja kati ya miwili, na kuhama bila msaada huenda polepole mno kwa mahitaji ya seli. Pin1 huharakisha uhamaji huo, lakini inachagua: haishughuliki ila pale prolini inapotanguliwa na serini au threonini, asidi amino nyingine, iliyokwisha kubandikwa alama ya kemikali iitwayo fosfeti. Sehemu yake moja hunasa alama hiyo, nyingine hugeuza mkao. Mkao ukigeuka, huenda protini ikadumu, ikavunjwa au ikabadili kazi.

Tangu ilipotangazwa mwaka 1996, Pin1 imehusishwa na mgawanyiko wa seli, na hupatikana kwa wingi kupita kiasi katika saratani nyingi, ya matiti ikiwemo. Panya wasio na jeni hiyo hawashikwi kirahisi na uvimbe wa matiti unaochochewa na jeni za Neu na Ras. Hapo wenye hoja ya kuizima wana haki ya kushangilia.

Shangwe inapungua panya wasio na jeni wanapozeeka. Mwaka 2003 ilibainika kwamba protini ya tau, ambayo huharibika pia katika Alzheimer, huharibika na kulundikana kwenye ubongo wao, na seli za neva hufa. Isitoshe, DNA ikiharibika, p53, protini inayozuia seli mbovu kuendelea kugawanyika, huimarishwa na Pin1 hiyohiyo.

Hata hivyo, panya aliyezaliwa bila jeni si sawa na mgonjwa anayemeza dawa kwa miezi michache, na hofu nyingi inatokana na kuchanganya hayo mawili. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ubora wa vizuizi vyenyewe, yaani kemikali za kuizima Pin1. Kwa miaka mingi maabara zilitumia jugloni, kemikali ya miti ya jozi inayong'ang'ania protini nyingine chungu nzima. Matokeo yake yasomwe kwa tahadhari. Sulfopini, iliyotangazwa 2021, inalenga vizuri zaidi na ilipunguza uvimbe kwa panya.

Kuiongeza Pin1 kunanitia wasiwasi zaidi. Dawa ya Alzheimer humezwa kwa miaka, tena na wazee, watu walio kwenye umri wa saratani. Ningeanza na kizuizi kisichopenya ubongoni, kitolewe kwa muda mfupi, na wenye dalili za kusahau wasiingizwe kwenye majaribio ya mwanzo.