Acheni kuvuta picha kwa vidole
Hii kero inachosha. Mtoto yuko hatua tano tu mbele, njia nyeupe, lakini mpiga picha anaganda palepale na kutanua vidole viwili kwenye kioo cha simu. Kwenye simu yenye lenzi moja hakuna kinachosogea. Inakatwa sehemu ya katikati tu na kutanuliwa. Hesabu yake inauma: kamera ya megapikseli 12, yaani nukta milioni 12, ukiivuta mara 2 unabaki na 3. Ukivuta mara 4, hata 1 haifiki, ni 0.75! Pengo linajazwa kwa kukisia, ndiyo maana kope za mtoto zinayeyuka na manyoya ya ndege yanageuka uji. Mkono nao ukitikisika kidogo, mtikisiko unakuzwa vilevile.

Jamani, sogeeni! Ukitoka mita 4 hadi mita 2, uso unakuwa mkubwa maradufu bila kupoteza hata nukta. Ndege hasogelewi, sawa. Piga bila kuvuta, ukate baadaye kwa utulivu, maana kilichokatwa wakati wa kupiga hakirudi. Simu yenye lenzi ya mbali, ishieni kwenye namba yake iliyoandikwa, kama 2 au 3. Mkipita hapo, ni kukata kulekule.