Msanii mdogo anataka hakimiliki, na bando lisilobagua

Wasanii wa Dar wakikutana na viongozi kilio chao ni kilekile: kazi zetu zinaibiwa, wezi wabanwe, tovuti zao zifungwe. Siwapingi. Ila huwa nasubiri mtu anyanyue mkono aulize jambo la pili: huo mtandao ambao nyimbo zinapita uko mikononi mwa nani, na kwa nini wengine wanapitishwa kwa bei nafuu na wengine wanaachwa? Hakuna anayeuliza. Kwa msanii asiye na lebo wala meneja mwenye jina, naona hilo linamuumiza sawasawa na wizi.

Chukulia singeli. Huu ni muziki uliochelewa sana kupewa nafasi redioni. Ulipikwa Manzese, Tandale na Mburahati, ukazunguka kwa bluetooth na memori kadi, ukachezwa kwenye vigodoro mpaka alfajiri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na vijana wa uswahilini wakaanza kuitwa kwenye matamasha Ulaya. Faili lilitoka kwenye kompyuta ya studio ndogo likafika mbali bila mkubwa yeyote kuombwa ruhusa.

Lakini faili hilohilo ndilo linalouzwa pale Mbagala Rangi Tatu. Kijana ana laptop, spika moja imeelekezwa barabarani, na mafolda yamepangwa vizuri: SINGELI MPYA, TAARABU, ZILIPENDWA, KASWIDA. Unampa memori, unampa buku, anakujazia. Aliyetunga hapati hata senti. Huo ni wizi, tusiupambe kwa maneno ya huruma, ingawa wasanii wenyewe wanajua kwamba bila kijana yule nyimbo zao zisingefika Mbagala.

Sheria ya kuwalinda tunayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ikipata mtu wa kuisimamia inafanya kazi. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya Tigo, siku hizi Yas, kuwalipa wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mtaani kesi ile ilizungumzwa kama ushindi wa fainali. Ila wale walikuwa na majina, mawakili na uvumilivu wa kwenda mahakamani. Dogo wa Tandale atamlipa wakili kwa pesa gani?

Ndiyo maana napenda jinsi wanamuziki huru wa Marekani, wasio chini ya kampuni kubwa, walivyolibeba suala hili. Kule kuna A2IM, umoja wa lebo huru ulioanzishwa 2005, na Future of Music Coalition, asasi ya kutetea wanamuziki iliyoanza 2000 na ambayo mwaka 2007 iliwakusanya wanamuziki kutetea usawa mtandaoni. Walidai mawili kwa pamoja: kampuni za intaneti zisiuze njia ya haraka kwa wenye pesa, na uwazi huo usigeuzwe kichaka cha maharamia. Kanuni za FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, za mwaka 2010 na 2015 ziliandikwa kwa mtazamo huo. Kilicholindwa ni maudhui halali, kwa hiyo mwizi hakuwa na pa kujifichia. Kanuni zenyewe zimepigwa danadana: mahakama ilizikata 2014, zikarudi 2015, zikafutwa Desemba 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ikazitupa tena. Hoja yao haijafa kwa hilo.

Na hawakuwa wakiogopa vivuli. Agosti 2007 bendi ya Pearl Jam walipiga shoo Chicago ikirushwa mtandaoni na kampuni ya simu ya AT&T, na mistari iliyomsema Rais Bush ikakatwa sauti. Kampuni ikasema ni kosa la mkandarasi. Sawa, lakini ikimtokea Pearl Jam dunia nzima inajua. Kwetu nani atajua?

Hapa Dar ubaguzi huu unauzwa kila siku kwenye menyu ya vifurushi. Mwenye jero ananunua bando la mitandao ya kijamii peke yake kwa sababu ndilo analolimudu. Wimbo ulioko kwenye tovuti ya msanii mwenyewe kwake haupo kabisa. Utaniambia si ataukuta TikTok? Ataukuta, kipande chake, kwa masharti ya wenye TikTok, na siku akaunti ikifungwa msanii anaanza sifuri. India walipiga marufuku bei za namna hii Februari 2016, na Free Basics, huduma ya Facebook ya kufungua tovuti chache bure, ikaondoka kule. Kwetu tunaita ofa.

Sasa turudi kwenye "tovuti zifungwe". Kuna prodyuza ninayemfahamu alipandisha wimbo wake YouTube, mfumo ukamjibu kwamba biti ni ya mtu mwingine. Mtu huyo aliichukua, akaitanguliza kupitia kampuni ya usambazaji, na mashine ikamwamini aliyewahi. Hela za matangazo zikaenda kwa mwizi, mwenye mali akabaki anajaza fomu za Kiingereza. Huo ndio ulinzi wa hakimiliki ukiendeshwa kwa pupa. Ukimpa mtandao wa simu uwezo wa kufunga kwanza na kuuliza baadaye, ndiyo mkuki kwa nguruwe: unaushangilia leo, kesho unachomwa wewe. Na nchi hii kufunga si hadithi. Mei 2025 X ilizibwa. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyekuwa amepanga kutoa ngoma wiki ile aliula wa chuya.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilipokuja, mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kulipia leseni, na kwa blogu gharama ya kuanzia ilizidi shilingi milioni 2. Hao ndio waliokuwa wakipiga nyimbo za wasanii wasiojulikana. Kelele nilizisikia kwa wanablogu na watetezi wa haki. Upande wa muziki, kimya.

COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, siku hizi ni ofisi ya serikali, na kazi ya kukusanya mirabaha imefunguliwa kwa kampuni za wenye haki wenyewe. Ningependa ikae meza moja na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, na wasanii wadogo wawepo. Anayelalamika kuibiwa alete ushahidi wa umiliki, faili husika liondolewe na tovuti iachwe, mlalamikiwa apewe muda wa kujibu, na ubishi ukibaki uende mahakamani. Programu moja ya muziki isipewe bando la upendeleo huku nyingine zikilipiwa bei kamili. Maoni ya wadau yakiitishwa tena, vyama vya wanamuziki vipeleke hoja ya bando pamoja na ile ya wizi, kwenye karatasi moja.