Kilomita 40 kwa saa ni upepo gani?

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilikuwa ufukweni Mikindani. Redio ya muuza chai ikatoa tahadhari: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2. Nikamuuliza mjomba wangu, nahodha wa siku nyingi, huo ni upepo wa namna gani. Akajibu, "Mjomba, mimi kusi naijua tangu sijabalehe." Akatoka. Jioni alirudi tanga limechanika, vijana wake wanakumba maji kwa madumu.

Mjomba hakudharau tahadhari. Pepo za kusi, kaskazi na matlai, maji makubwa ya bamvua, vyote anavijua kuliko mimi. Asichojua ni hiyo kilomita, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Angeambiwa hivi: matawi makubwa ya mwembe yakiyumba, nyaya za umeme zikapiga mluzi na bahari ikatapakaa mapovu meupe, hiyo ndiyo 40. Somo lenyewe halimalizi kikombe cha chai.

Huku kwenye mikorosho ni yale yale. Niliwahi kufanya kibarua cha kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, Newala. Tuliambiwa tu tuamke alfajiri. Tukichelewa, tunaitwa wavivu. Siku moja tukaanza saa nne. Nikaona unga wa njano unapaa juu ya mti, unakwenda zake shamba la jirani, na ubwiriungu, ugonjwa wa ukungu tuliokuja kuuua, umebaki pale pale kwenye maua. Alfajiri upepo umetulia na majani yana umande, salfa inanata. Jua likishapasha ardhi, hewa inapanda na kuibeba. Kibarua akiielewa sababu hii, hahitaji msimamizi wa kumfokea.

Linaloniuma zaidi ni kimbunga Kenneth. Aprili 2019 Mtwara tulitahadharishwa, kimbunga kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mpaka leo nasikia watu wakisema tulidanganywa. Hatukudanganywa. Kimbunga hubadili njia, na safari nyingine hakibadili: mwaka 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Mvuvi asiyefundishwa jambo hili ataipuuza tahadhari ijayo, na sitamlaumu yeye.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kila siku, tena kwa Kiswahili. Kilichobaki ni mtu wa kuzifafanua pale kazi inapofanyika: bandarini, kwenye mashamba ya chumvi, kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika. Chama chetu kina kikao Jumamosi. Nitaomba dakika 20 kabla ya ajenda ya pembejeo, na mjomba nimeshamwambia aje.