Foleni ya Sauti Nne

Mwalimu wetu wa kwaya anaogopa vitu viwili duniani: mhubiri anayeuliza "bado tuna muda?" na ukavu wa Dodoma. La kwanza halina dawa. La pili alilitafutia.

Wiki ya mwisho ya mazoezi kabla ya shindano, alisimama mbele yetu akainua juu chupa ya maji ya lita moja na nusu, kwa mikono miwili, hata kina mama wawili wa sauti ya pili wakainamisha vichwa wakidhani ni Meza ya Bwana.

"Wanakwaya, sauti yenu ndiyo hii."

Akatupa somo. Sisi watu wa Dar tumelelewa na hewa ya bahari. Mtu akivuta pumzi tu pale Mbagala ameshakunywa nusu glasi. Dodoma ni nchi nyingine. Iko juu, mita elfu moja na zaidi, na mwezi wa nane mvua imeshasahaulika tangu Mei, kilichobaki ni upepo na vumbi. Ukifungua mdomo kuimba "Haleluya", unafika "Hale" koo limekauka. Kwa hiyo sheria ikatoka: kila mwimbaji chupa moja iishe kabla ya Morogoro, na ya pili iishe kabla ya kuingia Dodoma. Atakayeshuka na maji kwenye chupa haimbi.

Nimtendee haki: hakuwa anatunga. Nyuzi za sauti zimefunikwa na ute mwembamba, na ile noti ya "la" inayotumika kutunia vyombo inazitikisa mara 440 kwa sekunde moja. Ute ukiwa mzito, nyuzi zinakwaruzana, na unalazimika kusukuma pumzi kwa nguvu ili itoke sauti ileile uliyokuwa ukiitoa bila kutafuta. Mwalimu alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa saa.

Tuliondoka saa kumi alfajiri kwa kosta. Siku hizi kuna treni ya SGR, Dodoma unafika chini ya saa nne na choo kimo humohumo ndani. Naitaja tu. Mhazini alisema kosta ni nafuu.

Kufika Kibaha watu walikuwa wameshatii robo tatu. Tulipovuka mto Ruvu, huo unaoinywesha Dar es Salaam, hakuna aliyetaka kuchungulia dirishani. Kwenye mizani ya Vigwaza tenor mmoja akasema gari likipimwa litakutwa limezidi, na mzigo wenyewe uko kwenye vibofu. Hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuwa na hatari yake.

"Dereva, kaka yangu, tuchimbe dawa kidogo," Mama Mlezi akaomba, kwa sauti ya mtu anayejua ataheshimiwa.

"Mama, nasimama Msamvu, stendi ya Morogoro. Kabla ya Msamvu, ombeni."

Tukaomba. Msamvu tulishuka kwa mlango na wengine nadhani kwa dirisha. Mhazini alisimama kwenye mlango wa vyoo vya kulipia na bahasha ya kwaya, akilipa vichwa, na kila kichwa kilichopita uso wake ulipungua rangi kidogo. Baadhi yetu alitulipia mara mbili kabla gari halijaondoka.

Baada ya Morogoro, Mwalimu akagawa chupa ya pili. Hapo ndipo dada yetu mmoja wa sauti ya pili, ambaye ni nesi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Haya maji yanapita wapi?"

"Yanapita kooni, dada, yanalainisha sauti."

"Yakipita kwenye sauti utapaliwa, Mwalimu. Ukimeza, njia ya hewa inajifunga. Maji yanashuka tumboni, yanaingia kwenye damu, na baadaye sana ndiyo yanafika kwenye ule ute. Ulitakiwa utunyweshe tangu juzi, kidogo kidogo."

"Na haya ya leo?"

"Ya leo yana safari yake."

Kosta nzima ikanyamaza. Nesi akaendelea, bila huruma, kwamba figo nazo zina kikomo, kama lita moja hivi kwa saa, na anayezipa zaidi anamjaribu Mungu. Akasema kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni mvuke, ndiyo maana kujifukiza kunasaidia. Nikaona macho ya Mwalimu yanawaka.

"Mwalimu, kwa heshima zote," sauti ikatoka siti ya nyuma, "usituletee nyungu humu ndani."

Kilichotuokoa ni ukarimu. Asubuhi Mama Mlezi alikuwa amempa dereva naye chupa yake, na dereva, mtu mwenye adabu, akainywa yote. Tulipokaribia Kibaigwa alisimamisha gari bila kuombwa na mtu, akashuka wa kwanza.

Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Lakini ile nchi ni ya mabua na vichaka vya miiba vinavyofika kiunoni, havimfichi mtu mzima mwenye aibu zake. Kina mama wakazungusha kanga wakatengeneza chumba. Kanga iliyoelekea barabarani, ambayo mabasi yote ya kwenda Singida na Mwanza yaliisoma, iliandikwa SUBIRA HUVUTA HERI. Mhazini alichelewa kupanda gari. Nilimwona kando ya mabua anaongea na mzee mmoja mwenye fimbo.

Kanisani tulipangiwa nafasi ya saba. Saba ni nzuri, tukasema, tuna muda wa kujiweka sawa. Choo kilikuwa nyuma ya kanisa, vyumba viwili, kimoja na kufuli kubwa ambalo mwenye ufunguo wake alikuwa amekwenda mjini. Kikabaki kimoja, kwa watu wote sisi, tayari tumevaa majoho.

Ambaye hajawahi kuingia choo cha shimo na joho la kwaya asinihukumu. Lile joho ni mita kadhaa za kitambaa cha bluu zinazotakiwa zikusanywe, zikunjwe, zishikwe kwa kidevu, na mikono ibaki huru. Mtu mmoja alichukua muda wa ubeti na kiitikio. Tukasimama foleni moja, imenyooka ukutani, kimya, wengine wamefumba macho, wengine midomo inacheza. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mlangoni. Nilishaweza kusoma karatasi iliyobandikwa pale: TUMIA MAJI KWA UANGALIFU.

Ndipo akapita mzee wa kanisa mwenye kitambulisho cha MAPOKEZI. Akasimama. Akatutazama kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, akaweka mkono kifuani.

"Mbarikiwe sana," akasema. "Hii ndiyo nidhamu tunayoisema kila siku."

Akaondoka. Hatukumwelewa mpaka tuliposikia spika. Kwaya ya tano ilikuwa imepata pancha njiani, haijafika, na mshereheshaji alikuwa anatangaza kwamba badala ya kukaa bure, kuna kwaya imeshajipanga nje kwa unyenyekevu wa ajabu, inamsubiri Bwana, tuipokee kwa makofi! Mlango wa ubavuni wa kanisa, ambao kwa bahati mbaya ya ujenzi unatazamana na choo, ukafunguliwa wazi. Waumini wote wakatuona. Wakasimama, wakapiga vigelegele.

Utafanyaje? Tukaingia. Tuliingia kwa mpangilio wa foleni, maana yake sauti zote nne zilichanganyika kama makande, na mbele kabisa, karibu na majaji, tukawa sisi ambao zamu ilikuwa imetufikia. Waliokwisha kujisaidia walikuwa nyuma, nyuso zimetulia, wanatabasamu. Niliwachukia kwa upendo wa Kikristo.

Wimbo wa lazima umeandikwa uimbwe taratibu. Mwalimu alipoinua mikono nikaona amesimama miguu imepishana, nikakumbuka kwamba kila chupa aliyotuamuru naye aliinywa, kwa mfano. Mkono ukashuka, wimbo ukatoka mbio. Ubeti wa kwanza tuliumaliza kabla mpiga kinanda hajageuza ukurasa.

Ubeti wa pili ni wa mito. Sijui mtunzi alikuwa anatutakia nini. Sauti ya kwanza wanaanza na "chemchemi", ya pili wanajibu "chemchemi", ya tatu wanaingia na "yabubujika", na sisi besi tumepewa neno moja tu, la chini kabisa, la kushikilia mpaka wenzetu wote wamalize kububujika. Neno lenyewe ni "maji". Miaka yote Mwalimu ametufundisha kuimba kwa tumbo, si kwa koo. Siku ile tumbo lilikuwa na shughuli nyingine. Jirani yangu wa kulia, tenor aliyepotea kwenye safu yetu, alikuwa anatoka jasho kwenye masikio, mahali ambapo sikujua kwamba mtu hutoka jasho.

Kwenye "Amina" kuna alama ya kuivuta noti hadi mwalimu aikate. Mwalimu aliikata ikiwa bado haijazaliwa. Hatukuinama. Aligeuka, akatoka kwa mlango uleule wa ubavuni, sisi nyuma yake, na makofi yalitukuta nje tumeshajipanga upya. Safari hii yeye alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kudai zamu yake.

Tulishika nafasi ya tatu. Jaji mmoja aliandika kwamba mpangilio wa sauti haukueleweka, lakini kwamba ubeti wa pili umeimbwa na watu wenye kiu ya kweli. Mwalimu anaitembeza karatasi hiyo mpaka leo na kusema ni yale maji. Nesi akisikia anaangalia pembeni. Amemwomba tu kwamba safari ijayo watu waanze kunywa siku chache kabla, wakiwa kwao, karibu na vyoo vyao.

Mapato na matumizi yalisomwa Jumamosi iliyofuata. Mhazini alikuwa ameyapanga kwa mafungu mawili, Maji Safi na Maji Taka, na fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tukapitia mstari kwa mstari: Msamvu, Msamvu tena, sabuni. Mama Mlezi akavaa miwani.

"Mhazini, baba, hapa umeandika Kibaigwa shilingi elfu tano. Ya nini? Si tulijisaidia porini?"

"Lile halikuwa pori, Mama," Mhazini akajibu. "Mwenye shamba alitokea."