Alama za Juu za Kiingereza, Ulimi Mzito

Mwanafunzi anapata alama za juu katika mtihani wa Kiingereza. Nyakati zote za vitenzi anazijua na insha yake haina doa. Siku simu inapoita, na sauti ya upande wa pili ikauliza nani anaongea, anampa simu aliye karibu naye. Nimeliona hili mara nyingi mno kuliita aibu ya mtu mmoja. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka kuzungumza kuwe kitu kinachofundishwa na kupimwa sekondari, kwa Kiingereza, kwa lugha nyingine za kigeni, na hata kwa lugha ambayo mwanafunzi tayari anaimudu. Ila wanaopinga wana hoja, tena nyingine nzito.

Kubwa ni muda. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kwamba mtu mzima aliyekulia Kiingereza anahitaji wiki 36 hivi za masomo ya kutwa ili akimudu Kiswahili kikazi. Kwa Kijapani au Kiarabu ni wiki 88, karibu saa 2,200. Sasa chukua sekondari yenye vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki 36 za mwaka: ni saa 96. Miaka minne haifikishi saa 400. Ukiumega muda huo kwa ajili ya hotuba na midahalo, kusoma kunapungua, na msamiati mwingi huingia kwa kusoma. Tangu miaka ya 1980, mwanaisimu Stephen Krashen ameshikilia kwamba lugha huingia kwa kusikia na kusoma yanayoeleweka, na kwamba kumlazimisha mtu aongee kabla hajawa tayari ni kumtia hofu.

Krashen namkubalia nusu. Huko Kanada, mtafiti wa lugha Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi waliokulia Kiingereza lakini wakasomeshwa masomo kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Kusikia walisikia vizuri sana, lakini walipoongea au kuandika makosa ya sarufi yalikuwa bado yamejaa. Mwaka 1985 akatoa hoja kwamba kuzungumza kwenyewe hufundisha, na baadaye akaeleza kwamba mtu hugundua neno au umbo asilolijua pale anapolihitaji na kulikosa. Mwenye kusoma tu anaweza kulipita pengo hilo bila kujua kwamba lipo. Kwa Kiingereza tatizo linazidi, maana tahajia yake haimwongozi msomaji. Aliyejifunza kwa macho peke yake akikutana na "though", "through" na "tough" atayatamka yote kwa mlio mmoja, na hakuna mtihani wa kuandika utakaomwambia kwamba amekosea. Kihispania, ambacho hutamkwa karibu kama kilivyoandikwa, hakimsumbui hivyo.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya haki. Mwenye kigugumizi atapimwaje? Na yule ambaye lafudhi ya kwao inasikika katika kila sentensi? Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wapo wasahihishaji wanaochanganya lafudhi na kutojua. Lakini vigezo vinarekebishika. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 viwango vya lugha vinavyoanzia A1, cha anayeanza, hadi C2, cha aliyebobea, na mwaka 2018 likaviandika upya vigezo vya matamshi, uzito ukahamia kwenye kueleweka badala ya kufanana na mzawa. Mwenye kigugumizi aongezewe muda, au azungumze na mwalimu peke yake. Kumwondolea kabisa nafasi ya kusikilizwa naona ni kumdhulumu mara ya pili.

Kuhusu hotuba, ningeanza na lugha ambayo mwanafunzi anaiweza. Asiyeweza kupanga hoja tatu zikafuatana katika lugha yake hatazipanga kwa Kifaransa, na hapo mwalimu hajui amsahihishe nini, lugha au mawazo. Na kama ratiba ni finyu, bora lugha moja ya kigeni ifike mbali kuliko mbili zinazoishia kwenye salamu.

Kinachobaki ni namna ya kuendesha kipindi. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la wanafunzi 40 hivi, kipindi cha mazungumzo. Mwalimu aliuliza, mmoja akajibu, wengine wakatazama madaftari. Watatu wale wale ndio walioongea hadi kengele. Hata angewagawia wote sawasawa, kila mmoja angepata dakika moja. Angewaweka wawiliwawili kwa dakika kumi tu, kila mwanafunzi angeongea dakika tano, naye akapita katikati akisikiliza na kuandika makosa ya kuyarudia ubaoni. Darasa hilo litakuwa na kelele, na walimu wa vyumba vya jirani watalalamika. Mkuu wa shule anayetaka wanafunzi waongee aamue mapema kwamba kelele hiyo ni ya kazi, na awaambie walimu hao kabla kipindi hakijaanza.