Korosho haipigi saluti

Wahamasishaji wa biashara siku hizi wanapenda lugha ya kambini: amka alfajiri, usilalamike, biashara ni vita. Tanzania tuna mifano miwili ya kupimia maneno hayo, yote ya enzi ya Rais Magufuli, na yote iliingizwa jeshi.

Wa kwanza ni ukuta wa Mirerani. Septemba 2017 Rais aliagiza machimbo ya tanzanite yazungushiwe ukuta. Aprili 2018 akaenda kuuzindua, kilomita 24.5. Hapa wapenzi wa nidhamu ya kijeshi wana haki ya kutamba. Kazi ilikuwa na vipimo, na aliyeamuru alikuwa mmoja. Aliyezoea kuona miradi ya umma ikizeeka pamoja na mabango yake atanielewa.

Wa pili ni korosho. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnadani, maana msimu uliotangulia kilo ilikuwa imewahi kupita shilingi 4,000. Novemba 12 Rais akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaelekea kusini. Tuseme haki: bei hiyo iliwazidi wafanyabiashara. Magunia yalisombwa, maghala yakalindwa. Lililowezekana kwa amri lilifanyika.

Lakini korosho ghafi yetu hununuliwa zaidi na viwanda vya India na Vietnam, na mnunuzi wa huko anaweza kungoja bila kumwogopa mtu. Mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 ulivunjika. Uhakiki wa mashamba, uliolenga kuwanasa walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa mkulima nje ya mnada, ulimkwamisha na mkulima halali. Wapo waliosubiri malipo kwa miezi, na salfa ya kupulizia mikorosho haikukopeshwa kwa ahadi.

Hapo ndipo fikra ya kivita inaponitia shaka: lazima ipate adui. Kangomba ni mnyonyaji, sikatai. Anamfuata mkulima kabla ya mavuno na kuichukua korosho kwa bei ya kutupa. Lakini ndiye huyohuyo mwenye pesa mkononi siku ambayo nyumbani hakuna unga na mtoto amerudishwa kutoka shule kwa kukosa michango. Ukimkamata bila kuleta mkopo mahali pake, mkulima atamtafuta mwingine, safari hii usiku.

Mtetezi atasema askari walitii tu, waliokosea ni waliopanga bei. Ni kweli, ila nusu. Biashara inamhitaji mtu wa kusema mapema kwamba bei hii haitauzika, na penye amri mtu huyo hukaa kimya. Siku mbili kabla ya tangazo, mawaziri wa kilimo na wa viwanda walikuwa wameondolewa. Nani tena angeinua mkono?

Siibezi nidhamu yenyewe. Mkulima anayeokota kila siku, akaanika vizuri na kuchambua hadi apate daraja la kwanza, anaipata faida yake kwenye bei. Hiyo ni nidhamu ya mtu juu ya kazi yake mwenyewe. Bei ni mapatano ya watu wawili, na mmoja wao yuko Vietnam. Msimu uliofuata serikali ilirudi mnadani, kwa wanunuzi binafsi.